Picha ya Mtia Kuni

Jumamosi, 1 Julai 2017
Wameishusha tena. Mara ya tatu hii. Nimekuta picha ya Baba klabuni, juu ya kabati la chai, kifudifudi, na kikombe juu yake. Kikombe! Nimeipangusa, nikaitundika palepale ukutani kwa nyundo ya Mama Furaha, jirani yangu Mkongo. Msumari wa inchi nne safari hii.

Nawashonea ovaroli na kofia hawa wazee wa klabu ya garimoshi. Ukuta wao mzima ni picha za treni za Uingereza na madereva wenye masharubu. Watia makaa hakuna hata mmoja. Kwani treni zilikwenda kwa dua?

Jumapili, 2 Julai
Hasira bado. Nimeunguza wali.

Alhamisi, 6 Julai
Mwenyekiti, Mzee Colin, kapiga simu. Kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi. Ati ukuta ule ni wa reli halisi, na treni ya Baba ya shamba la mkonge ni kitreni cha kuchezea tu. Nimemwambia kile kitreni kilitoka Uingereza kama hicho chake, na Baba alikilisha kuni miaka ishirini, Tanga. Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Akishusha, natundika. Tuone nani atachoka.

Jumamosi, 8 Julai
Siku ya wageni kupanda treni ya klabu. Nimepanda behewa la kwanza kwa nauli yangu.

Kijana wao kajaza makaa ya mawe mpaka mlangoni mwa tanuru. Moshi mweusi tii, wageni wanapiga picha, wanashangilia. Mie roho juu. Moshi ule ni moto unaosongwa, Baba alinichapa kofi kwa kosa hilohilo. Kweli, kilimani treni ikaishiwa mvuke, ikasimama. Mzee Colin kapauka kama unga.

Nikashuka, nikapanda kwenye kichwa cha treni na gauni langu. Acheni makaa, leteni kuni! Wageni walikuwa na kuni za braai, za kuchomea nyama. Nikachokonoa moto upate hewa, nikapanga zile nyembamba kwanza, kidogo kidogo. Kijana akataka kuongeza, nikampiga kibao mkononi. Eish, tulikaa pale! Hatimaye mshale wa presha ukapanda. Treni ikaondoka. Nililia, wala si kwa moshi.

Mzee Colin akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia: yule wa kwenye kabati la chai.

Jumapili, 9 Julai
Mgongo wauma. Gauni limetoboka kwa cheche. Sijuti.

Jumamosi, 15 Julai
Baridi kali ya Julai ya huku kusini. Nimekwenda na nyundo mkobani, kama kawaida.

Picha ipo. Msumari wangu uleule. Chini yake kuna kikaratasi, mwandiko wa Mzee Colin: Hamisi, mtia kuni, Tanga. Nimesimama hapo mpaka chai ikapoa.

Jioni nimemrudishia Mama Furaha nyundo yake. Misumari nimebaki nayo.