Mtindi wa Mkwe Wangu Hauna Sumu

Tengeru, Arusha

Fidea,

Zima hiyo televisheni kwanza. Izime, ukae chini, usome. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, unampigia simu binti wa kaka yako, mtoto wa miaka kumi na miwili, unamwambia asile chakula cha mama yake wa kambo kwa sababu kwenye tamthilia umemwona mama wa kambo anatia dawa kwenye supu! Una wazimu? Nani alikulea wewe, ni mimi au ni hao Waturuki wako?

Haya, marahaba. Nimeitikia kabisa, maana shikamoo yako najua ingekuja, adabu ya mdomoni hujawahi kuikosa. Mimi mzima. Asubuhi baridi ya huku mlimani inanishika magoti, jua likipanda naachiwa. Ninyi huko Masasi mnaendeleaje? Mikorosho imetoa maua? Kifua cha mjomba wako kimepoa au bado anavuta ule ugoro wake? Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Karatasi huwezi kuikatiza.

Sasa sikiliza. Nyumba hii ya kaka yako unaijua kwa kusikia tu, ndiyo maana unaropoka. Damiani bado yuko kwenye shamba la maua kule Usa River. Asumpta unamjua, ni wa marehemu Veronika, mke wa kwanza wa kaka yako, nilikuja naye huku mwenyewe nikiwa nimembeba mgongoni. Elinami alipoolewa na Damiani alikuja na mwanawe Baraka. Alikuja pia na Zawadi, yule mdogo ambaye watu wa ustawi wa jamii walimpa amlee tangu akiwa mchanga. Watoto watatu, kila mmoja na tumbo lake alilotoka, sufuria moja. Na mimi juu yao.

Basi tangu ulipopiga ile simu yako, Asumpta akaanza mambo. Ugali hataki. Maharage hataki. Anataka yai la kuchemsha, tena alimenye mwenyewe. Mimi nikadhani minyoo, nikamnywesha dawa. Kumbe mtoto amekaa na akili yake akaona yai lenye ganda halitiwi kitu! Elinami kila siku anachemsha mayai. Siku moja tunachambua mchicha akaniuliza, "Mama, nimemkosea nini huyu mtoto?" Nikainamia mchicha, nikachambua hata uliokwisha kuchambuliwa.

Jumapili moja baada ya ibada mama yake Elinami akaja kutoka Maji ya Chai, yeye na dada zake wawili, wamevaa vitenge vya sare. Amebeba kibuyu cha mtindi kichwani. Kwao Wameru ukiletewa mtindi wa kibuyu umeheshimiwa. Akasema kikombe cha kwanza ni cha Asumpta, kwa sababu ndiye alikuwa ndani ya nyumba kabla ya binti yake kuingia. Nikaona hapo kuna mtu mwenye akili.

Asumpta akapokea, akachungulia kikombe. Kile kikombe akakitupa chini mtindi ukaruka mpaka kwenye vitenge vya wageni. Akapiga kelele, "Sumu! Ameweka sumu, naiona nyeusi! Shangazi aliniambia!"

Fidea, nilitamani ardhi inimeze mimi na ukoo wetu wote. Damiani akainamisha kichwa kama ng'ombe aliyenyeshewa. Mkwe wangu, mama yake Elinami, akasimama taratibu. Akasema, "Binti yangu hatalala kwenye nyumba anamoitwa mchawi. Elinami, chukua wanao twende." Baraka akaanza kulia. Zawadi akanishika gauni, hajui yeye ni wa kuchukuliwa au wa kubaki.

Hicho ndicho ulichotaka? Maana ulishamwambia Asumpta kwamba shule zikifungwa unakuja kumchukua. Wewe umchukue huyu, mkwe awachukue wale, kaka yako abaki anaangalia ukuta.

Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Mkwe, kaa. Hapa hapiti mtu." Unajua sauti yangu. Akakaa. Nikachukua kibuyu chenyewe, siyo kikombe, nikakinywa pale pale mbele yao wote, mtindi unanitiririka mpaka shingoni. Nikakishusha, nikamwonyesha Asumpta meno. Yamejaa chembe nyeusi tii.

"Nimekufa?"

Akaniangalia vizuri, akasema, "Bado, Bibi. Kwenye tamthilia huwa inachukua siku mbili."

Dada mmoja wa mkwe akaguna, mwingine akacheka, mkwe mwenyewe akajikaza lakini mabega yakamtingishika. Akamwambia Asumpta, "Njoo jikoni, wewe mpelelezi." Wakaenda, na sisi wote nyuma yao. Akachukua kijiti cha mti wao wenye harufu, akakichoma kwenye moto mpaka kikawa kaa, akakitumbukiza kwenye kibuyu kingine kitupu cha Elinami, akasugua ndani, akatikisa, akamwaga. Unga mweusi kidogo ukabaki umeshika ndani. Ndivyo wanavyosafisha vibuyu huku, maziwa yasiharibike na yanukie vizuri. Sisi watu wa mihogo na korosho tungejulia wapi? Maziwa tunayajua ya pakiti.

"Hii ndiyo sumu yako," mkwe akamwambia. "Nimeinywa kabla sijaota meno."

Asumpta akanusa ndani ya kibuyu. Akanusa tena. Halafu akaenda kwa Elinami, akasimama mbele yake, akamshika kidole. Elinami akalia, na mimi nikageuka kuangalia moto, moshi ulikuwa mwingi.

Kesho yake nikawaambia wote watatu wakae, tutazame hiyo tamthilia yenu pamoja. Mimi si mnafiki, natazama kila jioni, na yule kijana wa farasi nampenda. Lakini nimewaambia, tazameni kwa macho yenu. Huyo mama wa kambo ana kucha ndefu vile, anafua lini? Hajawahi kuosha hata kijiko. Mama wa kambo wa kweli hana nafasi ya kupanga kuua mtu, ana nguo za shule za kufua. Na bibi wa humo analala na hereni na mkufu, kazi yake kusikiliza milangoni! Ile familia wanayotuonyesha kuwa ndiyo safi, baba na mama na watoto wa damu yao, wanakula mezani na viatu miguuni, halafu kila siku wanalia.

Zawadi akaniuliza, "Bibi, wale watoto wa kulelewa mwisho baba yao huwa ni tajiri mwenye kampuni. Wangu ana kampuni gani?" Nikamwambia, "Baba yako ni Damiani, na kampuni yake ni mbuzi wale wawili." Akatoka mbio kwenda kuwaangalia mbuzi, tangu siku hiyo anawaita wafanyakazi wetu.

Sasa nikupe la mwisho, ulimeze. Wiki iliyopita mkwe amerudi na kibuyu kidogo kipya, amekishonea shanga mkandani, akampa Asumpta. Kwao hicho hapewi mgeni, hupewa binti wa nyumba. Asumpta akakisugua mwenyewe ndani kwa kijiti cha moto, akatia maziwa, akayalinda yagande utadhani anaatamia. Yalipoganda akamimina kikombe cha kwanza, akampelekea Elinami mbele ya majirani, akasema, "Mama, kunywa." Elinami akanywa mpaka chini, akatuchekea na meno yale meusi. Nikapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Nimeshinda, Fidea. Nyumba imesimama, na sikumwita mzee wala mchungaji.

Msalimie mjomba wako, mwambie ugoro auache. Msalimie shangazi yako wa kule bondeni na yule mke wa mdogo wako, ajue mimba yake naiombea. Wanao wape mkono wa bibi yao, na mume wako umwambie namshukuru kwa kukuvumilia.

Shule zikifungwa njoo, lakini njoo kukaa, siyo kuchukua mtu. Na kabla ya hapo, ukimaliza kusoma hapa, shika simu. Usimtafute Asumpta, usinitafute mimi. Mtafute wifi yako Elinami, umwamkie vizuri, umwombe msamaha kwa mdomo wako mwenyewe, na usikate mpaka yeye akate.

Mama yako mzazi,
Agnesi