Chai Tuliyowapa Wageni wa Chepngeno

Merigi, Bomet
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa mtoto wangu Winny,

Chamgei sana. Uko aje huko Doha? Kile kifua kilipona? Unakula vizuri? Baba yako anakusalimia. Kogo, nyanya yako, anakusalimia, magoti bado yanamsumbua lakini mdomo uko sawa. Kaka yako Kipkosgei anakusalimia, na mdogo wako Chepngeno anakusalimia mara mbili, utajua kwa nini. Hata ng'ombe wako amezaa, ndama jike. Mimi niko salama, ni mawazo tu juu yako.

Winny, kuna neno sikukuambia kwa simu. Mwaka jana baba yako alipatikana na ugonjwa wa sukari. Aliniapisha nisiambie mtu nje ya nyumba, hata wewe. Daktari alisema abadilishe chakula na awe anatembea. Nikaona hataweza peke yake, atakuwa kama mtu ametengwa. Nikaondoa sukari kwa nyumba yote.

Ilikuwa vita! Sisi tunaochuma majani, chai ndiyo damu yetu. Kogo alisema hayo ni maji ya kuosha sufuria, akaanza kuficha sukari yake kwa leso. Lakini pole pole tulizoea. Siku hizi ugali ni kidogo, mboga ya managu ndiyo inajaa sahani, na jioni tunatembea wote mpaka pale tunapouzia majani na kurudi. Kogo anafika kwa geti tu, anatucheka tukihema.

Shida ilibaki moja. Kwa watu, baba yako alikuwa bado anakunywa chai tamu kabisa, eti wasimwone mgonjwa. Hiyo ndiyo ilininyima usingizi.

Sasa sikia. Jumamosi wageni walitoka Chepseon, watu wa kijana anaitwa Benard, kuja kumposa Chepngeno. Mimi na ile haraka nikapika chai vile tumezoea. Sukari ya wageni nikasahau kabisa! Baba ya Benard, Mzee Makori, akaonja, akaweka kikombe chini. Wenzake nao wakaweka. Chepngeno akaniangalia, machozi karibu.

Mzee akasema, "Mama, kama hamtaki kijana wetu, tuambieni tu. Msitufukuze na chai."

Nikasimama nikimbilie sukari dukani. Baba yako akanishika mkono. "Keti, Mama Winny. Wazee, mimi niko na ugonjwa wa sukari. Hii ndiyo chai ya nyumba hii. Msichana tutawapatia, lakini sukari hapana."

Halafu Mzee Makori akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akamwambia mke wake, "Umesikia? Na mimi nimekatazwa sukari, lakini hapa hata ile ya kuiba hakuna!" Akamaliza kikombe, akaomba kingine. Harusi ni Agosti! Na leo baada ya ibada, baba yako aliitisha chai ya bila sukari mbele ya kanisa lote. Nimeimba njia yote nikirudi.

Lakini daktari alisema ugonjwa huu unaweza kufuata familia. Kipkosgei na Chepngeno wamepimwa, wako sawa. Umebaki wewe, na kwa picha nilikuona na soda kubwa.

Salimia Gesare unayeishi naye, na wote wa kanisa lenu. Mungu akutangulie kazini na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Nenda upimwe wiki hii, mama. Ukitoka tu hapo kwa daktari, nipigie. Usingoje kuandika.

Ni mimi mama yako, nakupenda sana,
Sally