Nilisaini Kuingia, Sikusaini Kukubali

Mpendwa Mama Régine,

Naomba msaada, na tafadhali usinicheke, maana ni aibu mama wa umri wangu kuandikia gazeti, lakini tangu wiki iliyopita chakula hakipiti na nyumbani hakuna wa kumwambia. Mimi ni Chileshe, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa hapa Lubumbashi, na ni mmoja wa watu saba wa kamati inayomshauri meya makundi gani ya ngoma, kwaya na maigizo yasaidiwe na pesa ya mji mwaka huu. Pesa hatuigusi, tunaandika ushauri tu, lakini huwa unasainiwa kama tulivyouandika.

Jirani yangu ni Mama Katungu, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu, alishuka uwanja wa ndege wa Luano na mabegi mawili Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, duka na bohari vikabaki kule, na hapa akakusanya wanawake wenzake waliokimbia wakaanzisha kundi la maigizo, wanaigiza ile safari yao, na ukumbi wanaokodi ndio mahali pekee wanapoweza kulia bila watoto kuwaona. Mimi mwenyewe nilimsaidia kuandika ombi lao, kwenye meza yangu, kwa kalamu yangu, nikamwambia, "Katungu, usiogope, miye niko mule ndani."

Siku ya kikao tulisaini karatasi ya waliohudhuria pale mlangoni, ndiyo desturi yetu, halafu mimi nikaondoka mapema kwenda matanga ya binamu yangu, na ndipo wakaliondoa kundi la Katungu kwenye orodha. Mwenyekiti wetu, Bwana Alexis, alisema, "Bale bantu ba Goma batarudia kwabo. Feza ya mji iko ya batoto ba mji," halafu akauliza kama kawaida, "Nani iko contre?", maana kwetu hakuna kura, asiyeinua mkono kupinga amekubali, na umeme ukakatika hapo hapo, Mwila ambaye ni katibu akawasha tochi ya simu ili aandike, Bwana Alexis akatazama uso mmoja mmoja kwa ile tochi, hakuna mkono, akasema, "Bon, tumeisha." Nafasi ikaenda kwa kundi la mdogo wangu Kapya.

Sasa ile karatasi ya mlangoni imebanwa nyuma ya ushauri kama saini zetu, nakala imebandikwa ukutani, na Katungu ameona jina langu. Alikuja kwangu. Nikamwambia nilisaini kuingia, sikusaini kukubali, nilikuwa matanga. Akanishika mikono akasema, "Unisamehe, mama. Nilikufikiria mubaya." Akaniachia sahani ya sombe, majani ya muhogo aliyoyapika mwenyewe, na mpaka leo sijaweza kuila. Mwisho wa mwezi ukumbi unawatoka. Faili linapelekwa kwa meya Ijumaa saa sita. Nijiuzulu kimya kimya, Mama Régine, au nivumilie yapite?

Mwenye aibu, wa mtaa wa Katuba

*

Chileshe,

Pole. Hilo nimelisema mara moja, sitalirudia.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta ni nani aliyekusimulia habari ya ile tochi. Umeandika kwamba ulikuwa matanga. Kisha unanieleza umeme ulivyokatika, simu ya Mwila ilivyowaka, Bwana Alexis alivyotazama uso mmoja mmoja. Mtu aliye matanga hayaoni hayo, mama. Ulikuwa mule. Mmoja wa zile nyuso ulikuwa wako, na mkono wako ulikaa mezani. Na sababu umeiweka kwenye sentensi moja fupi, kwa haraka, ili nisiione: Kapya.

Sikuiti mwovu. Siku hizi mji mzima una hofu, waliokimbia wana hofu na waliowapokea wanaogopa kidogo kilichobaki kitaisha, na mtu mwenye hofu hujikuta amenyamaza. Lakini habari ya kujiuzulu usiniulize. Ukijiuzulu leo, kiti kitakuwa kitupu na ushauri utabaki na jina lako. Bwana Alexis atakushukuru sana.

Gazeti hili linatoka Alhamisi, kwa hiyo unabaki na asubuhi moja. Chukua karatasi, andika kwa mkono wako: nilikuwapo, niliulizwa, nilinyamaza, sasa napinga, kundi lililopewa nafasi ni la mdogo wangu na sikulisema. Ipeleke mwenyewe ofisi ya meya kabla ya saa sita, usimpe Mwila akupelekee, na usitoke dirishani mpaka wapige muhuri kwenye nakala yako. Sikuahidi kitu. Meya anaweza kusaini vile vile, wale wanawake wakakosa ukumbi, na Kapya asikusalimie mpaka Noeli. Ila meya atakuwa amesaini akijua.

Lakini leo hii, kabla ya karatasi yoyote, nenda kwa Katungu. Majina yote nimeyabadilisha, hata lako, ila mwanamke aliyepika ile sombe atajitambua akisoma, na hili asilisikie kwangu. Pengine atakufungia mlango. Ni haki yake. Usianze na Bwana Alexis, wala na binamu yako, wala na hofu. Mrudishie sahani yake, umwambie, "Katungu, nilikuwaka mule."