Sauti Nyuma ya Mtangazaji

Hässelby, Stockholm
7 Februari 1972

Dada Domina,

Shikamoo. Huku theluji imemeza sauti zote. Jirani yangu Walter, Mmarekani aliyekimbia jeshi asipelekwe Vietnam, kila Jumapili hunikaribisha kahawa na kusikiliza tepu ya mechi ya besiboli ya kulipwa, aliyoirekodi redioni kwao mwaka 1957. Mashabiki wanavuma kama mvua ya mbali. Matokeo anayajua, lakini husikiliza amefumba macho. Jana nilimuuliza kwa nini. Akaongeza sauti: nyuma ya mtangazaji, mama yake anamwita akale.

Barua ya tatu hii unaniandikia mama “anaendelea vizuri”, wala husemi anaumwa nini. Sikulazimishi. Nirekodie kaseti tu hapo nyumbani. Akiwaita watoto kula, akalitaja na jina langu kwa mazoea, usimkatize.

Mdogo wako,
Clementina