Unyevu Niliouandika Kabla ya Mvua

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakuomba kwa Mungu, lifunge. Kama umeshasoma, basi yafie kwako. Usimwambie mamangu. Usimwambie mtu yeyote wa ghala la chai. Sina kazi nyingine.

Jumatatu, 7 Aprili

Joto. Nimechoka hata kuliandika. Saa nne asubuhi blauzi imeshanata mgongoni. Mabati ya ghala yatupika kama mikate.

Kazi yangu ni kusoma kipima unyevu saa mbili, saa sita na saa kumi, na kujaza daftari la ghala. Chai hunywa unyevu wa hewa. Ikinywa sana huvunda. Sindano ikipita mstari mwekundu, mimi humwambia Kombo, nyapara wa wachukuzi, afunge milango. Bila neno langu hafungi. Ndiyo kanuni.

Tangu Januari sindano haijasogea. Na kipima chenyewe kimetundikwa kule nyuma ya marundo, hewa haifiki. Kwa hiyo leo nimejaza wiki nzima, mpaka Ijumaa. Kwa wino. Msimamizi, Bwana Mwangangi, ametia sahihi kurasa zote tano bila kutazama. Kesho aenda kwao bara hadi Alhamisi.

Sikuona aibu. Nilijiona mjanja.

Jumanne, 8 Aprili

Hakuna upepo kabisa. Kaskazi imekwisha na kusi haijaingia. Mchukuzi mmoja amezirai, akamwagiwa maji, akarudi kazini. Milango yote miwili wazi.

Kombo akinipita lazima anichokoze.

"Karani, hiyo saa yako ya jasho yasemaje leo?"

Nikamwambia yasema vile vile.

"Yasema kweli, ama yataka kuturidhisha tu?"

Wakacheka wote. Mimi nikainamia daftari. Hajui kitu, anachekesha watu tu. Lakini mbona achague maneno hayo? Ananiudhi mno yule mtu.

Jumatano, 9 Aprili

Imekuja.

Saa tano mbingu nyeupe. Saa sita kasoro robo nyeusi tii. Si manyunyu, ni mvua ya mwaka yenyewe. Wachukuzi walitoka nje wakasimama wakilowa, watu wazima na ndevu zao, wanapiga makelele. Upepo ukaingia kwa mlango wa kusini, baridi, mtamu. Nikavua viatu chini ya meza. Nikafumba macho. Miezi mitatu nimeingoja hewa hiyo.

Saa sita sikwenda kusoma kipima. Ya nini? Imeshaandikwa.

Saa tisa ndipo nilipokumbuka. Sindano imepita mstari mwekundu, imelala upande wa pili. Nikamkimbilia Kombo. Akafunga milango palepale. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Afadhali angeuliza.

Daftari lasema: kavu. Saa sita, kavu. Saa kumi, kavu. Kwa mwandiko wangu mzuri.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua haijakata tangu jana. Sasa naichukia. Viatu havikauki, njia yetu ya Junda ni tope tupu, na nguo zanuka ukungu.

Bwana Mwangangi amerudi. Magunia ya safu ya chini, upande wa mlango wa kusini, yamelegea. Akalifungua moja, akanusa. Kisha akaitisha daftari. Kavu, kavu, kavu.

Basi unyevu wa mvua ya mchana haukuingia ndani, akasema. Basi mtu aliacha mlango wazi usiku. Na ufunguo ni wa Kombo.

"Wallahi, bosi, nilifunga jana nilipoambiwa. Muulize karani."

Watu kumi na wawili wakanigeukia. Nikasema sikumbuki vizuri.

Sikumbuki vizuri! Mimi niliyesomeshwa mpaka chuo. Kesho Kombo apewa barua ya kufukuzwa.

Usiku nyumbani nimesukuma sahani. Mama kanijia juu: "Una nini weye? Joto lilikuudhi, na baridi pia yakuudhi?" Nilitaka kumfokea. Najichukia. Namchukia na Kombo kwa kutonitukana.

Ijumaa, 11 Aprili

Sikulala vyema. Nimefika kabla ya wachukuzi wote. Nikaenda moja kwa moja ofisini. Nikaingia bila hodi.

Nikamfungulia Bwana Mwangangi ukurasa wa leo. Ilikuwa saa moja unusu asubuhi. Unyevu wa saa kumi jioni ulikuwa umeshaandikwa, na sahihi yake chini.

Akaigusa sahihi yake kwa kidole. Kisha akasema, "Funga mlango."

Akataka tuuchane. Kurasa zina namba, nikamwambia. Akafuta uso. Wajua, akauliza, kwamba atakayeondoka ni wewe? Nikasema najua. Akaichukua barua ya Kombo mezani, akaitia katika droo.

Nimeambiwa ningoje nyumbani mpaka niitwe.

Kombo alikuwa langoni, gunia kichwani kama mwavuli. Nikamweleza yote. Hakunishukuru, na kwa nini anishukuru?

"Karani, siku ile ungeniambia kweli, ningeufunga mlango na mdomo wangu pia."

Nimekasirika njia nzima. Kwa sababu ni kweli, angefanya hivyo.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua nyembamba tangu alfajiri. Mama ametoa mablanketi sandukuni, ayanusa moja moja. Nimemwambia ni likizo. Akanipa la bluu, lile zito.

Bado hawajaniita.

Daftari hili hulibeba mkobani, na siku hizi nasahau vitu. Likipotea, nipo Junda, ulizia Zuhura wa Bi Mwanaisha. Usije baada ya adhuhuri, mama hulala. Pita uani, mbele kuna dimbwi. Akifungua yeye, mpe salamu kwanza, kisha sema umeleta daftari la mapishi. Usiwe na haraka. Niko nyumbani kutwa.