Buti za Moto za Kuwindia Senene

Bibi waitu, shikamoo kutoka Bukoba yenye manyunyu.

Buti zako nimezipata kwenye mitumba. Zinachajiwa kama simu, halafu zinapasha miguu. Kumbe Wazungu huzivaa wakiwinda kwenye theluji. Nikazijaribu, vidole vikawa kama nimekanyaga majivu ya moto jikoni.

“Bibi yako anawinda nini?” muuzaji akauliza nilipomwambia ni zako.

“Senene, alfajiri. Umande unamgandisha miguu, msimu huu anataka kuacha.”

Akacheka. “Mchukulie gambuti tu.”

Mimi nifundishwe kuchagua? Nikazitumbukiza dimbwini, hazikuvuja. Nikabonyeza swichi, kila buti ikawasha taa. Hapo nikalipia. Senene ni panzi wa kupenda taa, Bibi. Wewe simama tu, watakufuata wenyewe miguuni.

Usiwamalize kabla sijarudi Muleba.

Mjukuu wako mwenye akili kuliko wote