Jina Ambalo Bibi Hakukutajia

Kuze, Mombasa
Mwezi nne Shaabani

Kwa dada yangu Rukia,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na shemeji na watoto. Jino lako limetulia? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila vita hivi vimetufanya tupange mstari kwa sukari na hata kwa kanga, na mume wangu hurudi kutoka Kilindini amechoka hata kula hawezi. Karatasi hii nimepewa na mkwe wangu, Mzee Athmani, na yeye ndiye aliyenitia katika mambo haya nitakayokueleza.

Mzee ameamua kuandika nasaba ya nyumba yao, wajukuu wasije wakapotea. Siku moja baada ya alasiri alituketisha sote, akataja babu zake hadi wa tisa bila kukwama. Kisha akanigeukia mimi. "Na upande wako, mwanangu? Mama yako nani, na mamake nani?"

Nikasema mama ni Zuhura, na mamake ni Mwanajuma.

"Na mamake Mwanajuma?"

Jina hilo sikuwa nalo. Wifi yangu Maimuna akacheka. "Kwani wewe uliokotwa?"

Dada, hasira zangu hazikumwendea Maimuna. Zilikuja kwako. Mimi nilipelekwa Tanga kwa shangazi nina miaka mitano, wewe ukabaki Pangani, ukalala kitanda kimoja na bibi mpaka siku aliyofariki. Kila nilipokuja Idi niliwakuta mnataja jina la mtu na kucheka hadi machozi. Nikiuliza ni nani, wewe ulinijibu, "Humjui." Umeachiwa nyumba ya bibi, umeachiwa hata wafu wake wote, na mimi hata mmoja sikupewa.

Basi nikaapa sitakuuliza. Nikaandika majina matatu: langu, la mama, la bibi. Mama, Mungu amrehemu, aliwahi kuniambia kwamba bibi alizaliwa Mombasa, mtaa huu huu wa Kuze. Nimekaa hapa miaka sita na sikuwahi kuuliza mtu! Nikaanza kwa jirani, naye akanipeleka kwa mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani, naye akanielekeza kwa Bi Salima, ajuza anayeshona kofia kwenye kichochoro nyuma ya msikiti.

"Ndoo karibu, nikutazame mato," akaniambia kwa Kimvita chake, akanishika kidevu akaniangalia machoni. "Haya ni mato ya Mwanajuma. Wewe ndiwe Rukia?"

Hata kule, dada! Kumbe kila msafiri aliyetoka Pangani alikuwa akimletea salamu za bibi na habari za Rukia wake. Nikasema mimi ni mdogo wako, Mwanaidi. Akafikiri, akatikisa kichwa. Hakuwahi kulisikia jina langu. Nilitaka kuondoka, lakini nikauliza swali langu.

Aliiweka sindano chini. "Mamake Mwanajuma aliitwa Kadzo. Alitoka bara, nyuma ya Rabai, mwaka wa njaa. Wazazi wake walimwacha kwa tajiri mmoja hapa ili wapate mahindi, na hawakurudi tena kumchukua. Aliposilimu akaitwa Mwanaheri. Mwanajuma kazaliwa mlango ule pale." Akanyoosha kidole. "Alipoolewa Pangani alinisihi nisimtaje mamake mbele ya watu wa huko."

"Hata Rukia hajui?"

"Hata Rukia. Mwanajuma aliona haya, mwanangu."

Nisamehe, dada. Nilirudi nyumbani nikitamani kuimba. Nilikuwa na kitu ambacho wewe huna, na nikakificha Ijumaa mbili nisikuandikie.

Kwa Mzee nilikisema. Maimuna akaguna, "Kumbe watu wa bara." Mzee akaandika Mwanaheri, akafunika wino. Nikasema, "Baba, andika na Kadzo." Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema ninayo. Akaufunua wino akaandika.

Kisha akaniuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani, nikamwambia hilo nitakuuliza wewe. Bi Salima hajui mambo ya Pangani. Unayajua wewe. Je, alikuwa akiimba maneno usiyoyaelewa akitwanga? Mabaki ya chakula alikuwa akiyatupa, au hakuthubutu kuyatupa? Niandikie yote, na wale uliokuwa ukisema siwajui uniambie ni kina nani.

Nisalimie shemeji, na shangazi akija kutoka Tanga, na mama mkunga aliyetupokea sote wawili tulipozaliwa. Mume wangu na Mzee wanakusalimu. Maimuna hakusema kitu, ila mimi nakusalimia kwa niaba yake.

Idi hii njoo wewe huku. Bi Salima anataka kukuona, nami nitakupeleka mwenyewe. Lakini mlangoni kwake nitatangulia mimi.

Ndimi mdogo wako,
Mwanaidi